Kaseti ya Kampala

Asifiwe mwanangu,

Umeenda Katindo kumuaga shangazi yako, na mama yako amekaa sebuleni anafunga sambaza katika karatasi nyingine tena, utadhani Dar es Salaam hawajawahi kuona samaki. Nimeona nitumie nafasi hii kabla hujarudi. Mambo ya pasipoti, ya dawa ya malaria, ya kutokunywa kitu alichofungua mtu mwingine, mama yako amekwisha kuyasema mpaka hata mimi nimeyakariri. Hayo siyarudii.

Nakuandikia kwa sababu mdomo umenishinda. Unaweza kucheka hapo, nakuruhusu. Mimi Bahati, mtu niliyelishwa na mdomo maisha yangu yote, niliyepiga kelele kwenye mikro katika arusi za watu mpaka bibi arusi akaomba nipumzike kidogo, nimekaa nawe nyumba moja majuma haya yote na sikupata neno la kukuambia isipokuwa "umekula?" Nawe unajibu, "Ndiyo, muzee." Tangu ulipojua kusema uliniita Papa. Muzee ni jina la kila mtu mwenye mvi pale barabarani, hata wa pikipiki anayetaka nisogee ananiita hivyo. Kila ukilitamka linaniuma, na najua unajua kwamba linaniuma.

Tuianzie Jumapili ile. Tulikuwa tunatoka misa, wewe, mama yako na mimi, tukakutana na Papa Deo, mwenye ile nganda, ile baa ya Keshero ambako vijana walikuwa wanaimba karaoke kila Ijumaa. Yeye hana neno baya moyoni, shida yake ni kwamba hana mfuniko. Akakushika mkono, akacheka.

"Eh, Asifiwe! Nasikia unaenda Dar kushika mikro. Ni vizuri sana. Miye nilikuwa nataka nikupatie ya hapa hapa, ni papa yako njo alikatala. Alisema hauna sauti."

Alidhani ni hadithi ya zamani, kitu cha kuchekea. Mama yako alinitazama, wewe hukunitazama. Tulitembea mpaka nyumbani Katoyi, na tulipofika mlangoni ndipo ukaniuliza.

"Ni kweli, papa?"

"Nilikuwa nakuchunga. Nganda haiko mahali pa mutoto mwanamuke."

"Nilikuwa nawaza sina sauti," ukasema. "Miaka yote hii nilikuwa nawaza sina sauti."

Ukaingia ndani. Hiyo ndiyo mara ya mwisho kuniita papa.

Sitajitetea sana. Ni kweli, na si Papa Deo peke yake. Sisi watu wa sono, wa vyombo vya muziki hapa Goma, tunajuana wote, tunaazimana nyaya na bafle za spika, na kila aliyeniuliza habari zako nilimpa jibu lile lile. Nilikuwa na sababu zangu tayari mfukoni: walevi, wanaume wenye bunduki wanaotaka wimbo wao urudiwe, midomo ya watu wa parokia. Zote ni sababu za kweli. Lakini ningeweza kusema "sitaki", na mtu angenielewa, maana baba ana haki ya kutotaka. Badala yake nilisema huna sauti, na nilijua nasema uongo, kwa sababu kama kuna kitu kimoja ninachokijua duniani ni sauti.

Unakumbuka arusi ya binamu yako, yule mjomba wa Masisi aliyeng'ang'ania kuimba? Alishika mikro, ubeti wa kwanza ukaenda, wa pili ukampotea, akabaki amesimama na kitambaa cha jasho mkononi huku watu wameanza kupiga miluzi. Mimi nilikuwa karibu kumpokonya mikro na kuanza kelele zangu, maana hiyo ndiyo dawa ninayoijua. Wewe ulimfikia kabla yangu. Hukushika mikro. Ulisimama nyuma ya bega lake ukawa unamnong'oneza maneno mstari kwa mstari, mbele kidogo ya muziki, na kwenye kiitikio ukainua mikono ili ukumbi mzima umwitikie. Mzee wa watu akamaliza wimbo akidhani ameuimba mwenyewe. Bado anausimulia mpaka leo kule kwao.

Siku ile niliona kwamba umenipita. Mimi kazi yangu ni kuita majina ya watu, wewe unawafanya watu waimbe. Nilifurahi na niliona wivu, vyote viwili mara moja, na hata sasa sijui kipi kilikuwa kikubwa. Baba kumwonea mwanawe wivu ni aibu, nayaandika haya huku nikiwa nimeinamisha kichwa.

Lakini wivu ulikuwa mdogo kuliko woga, na woga wangu ulikuwa na jina. Ulikuwa unaitwa Kampala.

Umekua unasikia habari za Kampala. Umezisikia kutoka kwa watu wa mtaa, kutoka kwa shangazi yako, na zaidi ya yote umezisikia kwangu mwenyewe nikiwa nimekunywa kidogo: Bahati aliimba katika hoteli kubwa, Bahati alivaa suti nyeupe, wazungu walisimama kumpigia makofi. Sasa nikupe Kampala yenyewe.

Lava ya volkano ilipopita mjini ikachoma nyumba tuliyokuwa tumepanga, wewe ulikuwa bado wa mgongoni. Tulihamia kwa tate yako, mama aliyenizaa, hapa Katoyi, na mimi nikaondoka kwenda kutafuta. Hakukuwa na hoteli, Asifiwe. Kulikuwa na baa ya Wakongomani nyuma ya gereji, na mimi nilikuwa mbeba bafle. Mchana naosha glasi, jioni nabeba vyombo, na nikimaliza nalala juu ya maboksi ya sono ili yasiibiwe. Suti nyeupe ilikuwa ya mpiga gitaa, nilipiga nayo picha siku moja alipokuwa anaoga.

Mikro niliipata siku koo la atalaku wao, mpiga kelele wa bendi, lilipokauka. Wakaniambia nijaribu, nikajaribu, na ikaonekana nina kipaji kimoja: kutupa libanga. Wewe umenisikia nikitupa nyingi katika arusi, huhitaji somo. Mtu anakunywesha, anakupa kitu kidogo, nawe unalitaja jina lake katikati ya wimbo kwa heshima ambayo hata mke wake hampi. Mfagiaji nilimwita Rais. Fundi wa matairi nilimwita Mwenye Kampala. Walikuwa watu waliochoka, waliokimbia kama mimi, na kwa muda wa wimbo mmoja walikaa vizuri kwenye viti vyao. Kazi hiyo siijutii.

Ninachokijutia ni kaseti. Siku moja bendi ilirekodi onyesho, nami nikataka jina la mama yangu liwemo. Unajua sheria yetu, jina halitupwi bure, na mkuu wa bendi hakuwa na huruma kwa mbeba bafle. Nililipia mwenyewe, juma zima nikala mara moja kwa siku. Wimbo ulipochemka nikapiga kelele: "Mama Bahati wa Katoyi! Mama wa bamama! Goma nzima inakuona!" Kisha nikampa kaseti mama mmoja mchuuzi wa vitenge, aliyekuwa akija Kampala kununua mzigo, aipeleke nyumbani.

Nilidhani nampelekea mama yangu furaha. Na kweli alifurahi, Mungu anisamehe, alifurahi kupita kiasi. Aliweka redio dirishani, akafungua sauti, majirani wakajaa uani. Tate yako alikuwa mwanamke wa kuuza mkaa, hakuna mtu aliyewahi kutamka jina lake kwa sauti kubwa isipokuwa akimdai. Sasa jina lake lilikuwa ndani ya muziki. Kwetu sisi, jina likisikika kwenye wimbo, watu hawaulizi aliyelitupa amekula nini jana yake. Wanajua tu kwamba kuna pesa, kuna ukubwa. Wakaanza kumwita mama wa staa. Shangazi yako akanitumia ujumbe nimtafutie mumewe kazi hotelini.

Ningeweza kusema ukweli wakati ule. Ungekuwa ukweli mdogo, wa mistari miwili. Lakini nilifikiria mama yangu pale dirishani, nikanyamaza, kisha nikatuma kaseti ya pili.

Baadaye akaugua. Mama yako ndiye aliyemuuguza, na siku zote anasema alitaka kunitafuta tangu mwanzo. Tate yako alikataa kabisa.

"Musimusumbue Bahati," alisema. "Eko na kazi ya maana. Akitoka tu, banabeba nafasi yake."

Nafasi yangu ilikuwa juu ya maboksi. Mtu yeyote angeweza kuibeba. Mama yangu alivumilia maumivu kitandani ili mimi nisipoteze kitu ambacho sikuwa nacho, na aliyemfundisha kuamini kwamba ninacho ni mimi. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Nilificha ya kwangu, yeye akaficha ya kwake, na tulichofichana kikamla yeye. Yule mama wa vitenge ndiye aliyeniambia siku moja sokoni, bila kujua kwamba sijui: "Muzee mwanamuke analala tu siku hizi, hata redio hafungule tena." Nikaondoka kesho yake. Nilikuta amekwisha kuzikwa.

Hiyo ndiyo Kampala. Niliporudi watu walikuwa bado wananiita staa, na nilikuwa nimechoka, nikawaacha waniite. Kaseti ikabaki ndani ya nyumba. Wewe ulijifunza kutembea huku inaimba. Ulikuwa unashika mwiko wa kupikia sombe mdomoni na kupiga kelele "Mama Bahati wa Katoyi!" na watu wanacheka, nami nacheka nao. Ulipopata simu yako ya kwanza, kitu cha kwanza ulichofanya ni kuihamisha sauti ile ndani ya simu isipotee. Siku ulipopata kazi ya karaoke huko Dar kupitia rafiki yako wa shule, ulikuja ukikimbia, ukasema, "Papa, na miye nitatupa jina yenu kule!" Niliingia chooni nikakaa huko.

Sasa unaona nilichokufanyia. Nilikuwa naogopa usije ukapita nilipopita, na dawa ya woga ule ilikuwa kukaa nawe kwenye kiti na kukusimulia haya. Ingenigharimu aibu ya jioni moja. Badala yake nilikunyima mikro ya Keshero, ambako ungemaliza kazi ukarudi kulala kwenu, nikakuachia hadithi ya hoteli na suti nyeupe ikuvute mbali. Ya hapa nilikufungia kwa uongo, ya huko nimekuitia kwa uongo. Majuto ni mjukuu, husema watu. Wa kwangu amekuja mapema na amekaa.

Juzi nilienda kwa Papa Deo. Sikukuambia. Nilitaka kumwambia kwamba nilisema uongo, na nimwombe akupe Ijumaa zako, nikifikiri labda utabaki. Nganda imefungwa. Tangu vita viingie mjini watu wanaingia ndani mapema, na benki zilipofungwa hata wale wachache waliokuwa wanakuja waliacha. Sono ameuza. Tulikaa kwenye kreti mbili zilizobaki, nikamwambia.

"Nilikudanganya. Mutoto ile sauti anayo. Anatupita siye wote."

"Najua," akasema. "Nilimusikia kwa arusi. Nilikuheshimu tu, juu ni wewe baba yake."

Kumbe alijua. Alikubali uongo wangu kwa heshima, kama watu wa mtaa walivyokubali ule mwingine. Nilirudi kwa miguu, nikapitia kule chini ziwani ili nichelewe kufika.

Kwa hiyo siwezi kukurudishia nilichokunyima. Nikuachie machache ninayoyajua, na mengine utayatupa.

Watakucheka Kiswahili chako. Ukisema "njo vile" watashika mbavu. Waache wacheke, kisha uendelee kusema, maana mtu aliyekwisha kucheka anakuwa amekaa karibu nawe. Mimi Kampala nilikaa miezi najifanya naongea kama wao, nikawa bubu wa kujitakia.

Anayeimba vibaya ndiye mgeni wako mkuu. Wanaoimba vizuri watajisaidia wenyewe. Yule anayekuja kuandikisha wimbo, akafuta, akaandikisha tena, huyo amekuja na kitu moyoni. Mfanyie ulivyomfanyia mjomba wa Masisi. Hapo sina cha kukufundisha, nakuomba tu usije ukaacha kwa sababu mwenye baa anataka vicheko.

Wasifie watu wakikulipa, ndiyo kazi. Lakini usipeleke sifa nyumbani. Ukimpigia mama yako, usimpigie ukiwa umesimama mbele ya taa za rangi. Mpigie ukiwa umekaa kwenye godoro lako, jinsi lilivyo. Ikiwa godoro halipo, mwonyeshe sakafu. Atalia, ndiyo, na mimi nitasikia kupitia ukuta, lakini atakuwa analilia kitu kilichopo. Ninachokiogopa si Dar, wala baa, wala wanaume wa huko, wewe unajua kuwakalisha. Ninaogopa kwamba mambo yakikuendea vibaya utanyamaza ili kutulinda. Damu hiyo umeitoa kwangu na kwa tate yako.

Kuna jambo moja limebaki. Sikuwahi kumwambia mtu. Nimemwambia mama yako leo mchana, akasema, "Andikia mutoto." Ndiyo sababu nimekaa hapa.

Mnavyojua nyote, nilichelewa mazishi kwa sababu ya barabara. Barabara ilikuwa nzuri, Asifiwe. Siku ile nilifika Gisenyi asubuhi. Nilikuwa na mfuko mmoja wa plastiki, na ndani yake shati na soksi. Nilisimama upande ule wa barrière, kizuizi cha mpakani, nikaiona Goma, nikaona watu wanavuka na vikapu vyao, na nikafikiri: staa wa Kampala atapitaje Katoyi mchana na mfuko wa plastiki, majirani wakiwa wamekaa nje? Nikajiambia nitangoja jua litue, nitapita gizani, mama ataniona kesho nikiwa nimeoga. Nilikaa kwenye ukuta mdogo. Nilinunua hata muhogo wa kuchoma. Nilikaa pale mchana kutwa, nikavuka karibu na kufunga, nikatembea gizani mpaka nyumbani, nikaridhika kwamba hakuna aliyeniona.

Niliwakuta uani wamewasha moto wa matanga. Walikuwa wamemzika alasiri ile. Mama yako aliniambia kwamba asubuhi, walipokuwa wanamwosha, walichelewesha jeneza kidogo, wakitumaini labda kuna mtu amenifikishia habari na niko njiani. Mimi nilikuwa pale ng'ambo nakula muhogo. Ningepanda pikipiki moja tu ningemwona uso.

Miaka yote nimesema barabara. Hata kwenye kitubio nilisema barabara.

Sikuombi uniite jina lolote kesho asubuhi. Ukitaka nikusindikize, nitakuja. Ukitaka aje mama yako peke yake, nitabaki, nami sitauliza. Naomba hili tu. Siku utakayotaka kurudi, iwe umefanikiwa au umeshindwa, iwe una sanduku au huna hata mfuko, usikae Gisenyi. Vuka mchana. Pita mbele ya majirani wote na mikono yako jinsi ilivyo, na wakikuuliza umeleta nini, waambie umejileta mwenyewe. Usisubiri kitu chochote. Mama yako bado mzima.

Niliyekuzaa,
Bahati